Uliza Mwalimu: Waliojaza Hojaji ni Wale Waliokuwepo

BARUA YA KWANZA

Mwalimu, salamu katika jina la Bwana. Mimi ni katibu wa kamati ya maendeleo ya kanisa letu huku Bamburi, Mombasa. Mwezi uliopita tuligawa hojaji baada ya ibada ya pili, wazee wa kanisa wakazikusanya. Waliojaza ni 212. Kati yao 190 wameandika kwamba huja kanisani kila Jumapili. Tena tumeona walio katika vikundi vya nyumbani hutoa zaka zaidi kuliko wasio katika vikundi. Kamati inataka ripoti iseme mambo mawili: kwamba karibu asilimia 90 ya waumini wetu ni wa kila Jumapili, kwa hivyo tujenge kanisa kubwa zaidi, na kwamba vikundi vya nyumbani vinaongeza utoaji, kwa hivyo kila muumini alazimike kujiunga. Vijana wawili wa kamati wanapinga, wanasema hesabu hiyo haisimami. Wazee wamewajibu kwamba hawana imani. Nani yuko sawa?
Katibu, Bamburi

Ndugu Katibu, vijana wenu wako sawa. Nakuomba uwaambie wazee, kwa heshima zote, kwamba mtu anayeuliza hesabu imepatikana vipi hajakufuru. Analilinda kanisa lisije likakopa benki kwa ajili ya waumini ambao hawapo.

Tuanze na hiyo asilimia 90. Mmeipata kwa watu waliokuwa ndani ya ibada moja, Jumapili moja. Chukua karatasi ufanye hesabu hii. Tuseme kanisa lina watu 200: mia huja kila Jumapili, na mia wengine huja mara moja kwa mwezi. Jumapili yoyote utakayogawa hojaji, wale wa kila wiki utawakuta wote 100. Wale wa mara moja kwa mwezi utakuta robo yao tu, watu 25. Jumla 125. Kila mmoja akijibu kweli tupu, utapata kwamba watu 100 kati ya 125, yaani asilimia 80, ni wa kila Jumapili. Lakini ukweli wa kanisa hilo ni asilimia 50. Hakuna aliyedanganya hata mmoja. Tatizo ni kwamba mtu anayekuja mara nyingi ana nafasi nyingi za kukutwa na karatasi yenu, na anayekuja kwa nadra hana.

Na Bamburi si mahali ambapo kila mtu ana mamlaka juu ya Jumapili yake. Wahudumu wa hoteli za ufuoni hupangiwa zamu, na Desemba wageni wakijaa Jumapili huwa ndiyo siku ya kazi nzito. Kuna walinzi, wauguzi, madereva wa matatu za Mtwapa, vibarua wa bandarini, na mama wa Kongowea ambaye nyanya zake zimeshushwa alfajiri na haziwezi kungoja mahubiri yaishe. Wengine huwahi ibada ya kwanza kisha wakakimbilia kazini. Hawa wote hamkuwauliza, nao ni waumini wenu. Basi ripoti haiwezi kusema "waumini wetu". Inaweza kusema "waliokuwepo ibada ya pili siku ile na wakakubali kujaza". Ni maneno marefu na hayapendezi kwenye bango la harambee, lakini ndiyo ya kweli.

Jambo la pili ni jinsi mtu anavyojisema mwenyewe. Kwa miaka mingi Wamarekani wapatao 40 katika kila 100 waliwaambia watafiti wa maoni kwamba wamehudhuria kanisani wiki ile. Mwaka 1993 wanasosholojia watatu, C. Kirk Hadaway, Penny Long Marler na Mark Chaves, wakaamua kuyapima maneno hayo kwa vichwa. Kwa Waprotestanti walichagua wilaya moja ya Ohio iitwayo Ashtabula. Wakayatafuta makanisa yake, hata yale ambayo hayamo katika orodha yoyote, wakizunguka na gari barabara kwa barabara. Wakakusanya hesabu za mahudhurio, na pale ambapo hesabu haikupatikana waliangalia magari yaliyoegeshwa nje. Kwa Wakatoliki walitumia hesabu za majimbo ya kanisa lenyewe. Waliohudhuria kweli walitokea kuwa karibu nusu ya waliodai kuhudhuria.

Sidhani kwamba watu wale walikaa kitako wakapanga uongo. Anayejiona mwana wa kanisa akiulizwa "huwa unakuja kila Jumapili?" hulisikia kama "je, wewe ni Mkristo wa kweli?" Naye hulijibu hilo la pili. Watafiti wengine wawili, Stanley Presser na Linda Stinson, walionyesha mwaka 1998 kwamba mtu akijaza mwenyewe bila kutazamana na muulizaji, au akiulizwa tu aeleze siku yake ilivyokwenda pasipo kanisa kutajwa, madai ya kuhudhuria kila wiki hupungua kwa takriban theluthi moja.

Sasa wewe hojaji zako zimekusanywa na wazee wa kanisa! Mzee aliyembatiza mtoto wangu, au anayekaa kiti cha mbele kwenye kesi yangu na mume wangu, ananyoosha mkono apokee karatasi ambayo nimeandika kwa mwandiko anaoujua. Nitaandika nini? Wekeni sanduku lililofungwa pale mlangoni, karatasi zikunjwe, zisiwe na jina, na mzee yeyote asisimame karibu. Na swali lenyewe liondoeni hilo "huwa". Andikeni: "Jumapili iliyopita, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, ulifanya nini na nini? Taja kwa mfuatano." Atakayekuwa alikwenda kanisani ataandika, na atakayekuwa alifua nguo za shule ataandika alifua.

Kisha hesabuni vichwa wenyewe. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu makanisa mengi hudhani kuhesabu ni kazi ya mtoto. Je, watoto wanaotolewa kwenda darasa la Jumapili kabla ya mahubiri wamo? Kwaya inayoimba ibada zote mbili inahesabiwa mara ngapi? Wale wanaume wanaosikiliza kupitia spika wakiwa wamekaa nje chini ya mkungu, ni waumini au wapita njia? Na mnahesabu wakati gani, wimbo wa kwanza ambapo nusu ya viti ni vitupu, au wakati wa sadaka? Andikeni kanuni hizo kwenye karatasi moja kabla ya kuanza. Halafu wekeni wapokezi wawili, mmoja mlango wa mbele na mmoja kwenye roshani, kila mmoja ahesabu peke yake asimwambie mwenziwe. Mkipata 318 na 321, mko vizuri. Mkipata 318 na 371, kanuni yenu haieleweki, rudini mkaiandike upya.

Ila kukubaliana peke yake hakutoshi. Mizani ya muuza samaki iliyozidishwa robo kilo itazidisha robo kilo kila siku, haibadiliki kamwe, na kila siku inakuibia. Wapokezi wawili wakiwahesabu wanakwaya mara mbili watakubaliana vizuri sana, na wote watakuwa wamekosea.

Kosa hili lina historia ndefu. Uingereza na Wales walifanya sensa ya ibada tarehe 30 Machi 1851. Walihesabu waliohudhuria asubuhi, alasiri na jioni, wakapata mahudhurio zaidi ya milioni 10. Lakini mahudhurio si watu: aliyekwenda asubuhi na jioni alihesabiwa mara mbili. Horace Mann, aliyeandika ripoti, ikabidi akisie. Alichukua wote wa asubuhi, nusu ya wa alasiri, na theluthi moja ya wa jioni. Kipimo hicho alikitunga tu, na madhehebu yaliyokuwa na ibada kubwa za jioni yaliona yamepunjwa. Mngekuwa na kadi ndogo mlangoni yenye swali moja, "Je, leo umehudhuria ibada nyingine hapa?", mngeliepuka jambo ambalo serikali nzima ilishindwa kulirekebisha baada ya kuhesabu.

Tena msihesabu Jumapili moja. Pasaka kila mtu ni Mkristo. Desemba wengi wenu hupanda mabasi kwenda bara, na wageni kutoka bara hujaza viti vyenu, kwa hivyo idadi inaweza kubaki ileile huku watu wakiwa wengine kabisa. Mei mvua za masika zinanyesha na hoteli zimepunguza wafanyakazi: wapo watakaokuja kwa kuwa hawana zamu, na wapo ambao hawatakuja kwa kuwa hawana nauli. Ukilinganisha Desemba ya mwaka jana na Mei ya mwaka huu ukasema kanisa limepungua, umepima msimu wa watalii. Linganisha Mei na Mei.

Na kuhusu jengo, mbona hojaji? Swali la jengo ni la viti. Hesabuni viti vilivyobaki vitupu ibada ya kwanza na ya pili kwa miezi kadhaa. Mkiona ya pili inafurika na ya kwanza ina nafasi, huenda dawa ni kubadilisha saa, na saruji ikangoja.

Sasa vikundi vya nyumbani. Mmeona walio ndani hutoa zaidi, nami nakubali mmeona hivyo. Lakini ni nani hujiunga na kikundi kinachokutana Jumatano saa kumi na moja jioni? Ni mwenye kazi ya saa za kawaida, au mwenye duka lake, anayekaa karibu, asiye na mtoto mchanga, na ambaye tayari moyo wake uko kanisani. Mtu huyo angetoa zaidi hata vikundi visingekuwepo. Inawezekana pia kwamba mtoaji mzuri ndiye anayealikwa kikundini kwanza, na yule ambaye bahasha yake ya zaka haionekani anaona haya kwenda. Kwa hojaji ya siku moja hamwezi kujua lipi lilitangulia.

Mkitaka kujua kwa haki, njia ipo na haina gharama kubwa. Si mnataka kufungua vikundi vipya? Basi tuseme mna mitaa minne inayosubiri: Kiembeni, Utange, Mtopanga na Shanzu. Msianze na ule wenye mzee mwenye bidii. Pigeni kura mbele ya watu, miwili ianze sasa, miwili ingoje miezi sita. Mweka hazina, ambaye tayari anazijua namba za bahasha, atoe jumla ya kila mtaa kabla na baada, bila jina la mtu. Mitaa minne ni michache, kwa hivyo msitangaze ushindi kwa tofauti ndogo, lakini mtakuwa mmeuliza swali linaloweza kuwajibu "hapana". Hojaji ya sasa ingewajibu "ndiyo" kwa vyovyote vile.

Kuwalazimisha watu wajiunge kwa msingi wa mlichonacho sasa mimi siungi mkono hata kidogo. Mtamfukuza mlinzi wa usiku kwa takwimu ambayo haikumhesabu.

BARUA YA PILI

Shikamoo Mwalimu. Nasomea shahada ya uzamili, utafiti wangu ni kwa nini vijana wa Mombasa wanaacha kanisa. Msimamizi aliniambia nipate watu 384. Nimetuma hojaji kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa makanisa mbalimbali nikapata zaidi ya 400 ndani ya siku chache. Je, sasa niko salama?
Mwanafunzi, Tudor

Marahaba mwanangu. Hongera kwa bidii, lakini hauko salama. Vijana walioacha kanisa hawamo katika makundi ya vijana wa kanisa. Umewauliza waliobaki ni kwa nini wenzao wameondoka.

Hiyo 384 inatoka katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo limebandikwa karibu kila tasnifu nchini. Jedwali linasema ukiwa na watu milioni moja, sampuli ya 384 inatosha kukadiria asilimia fulani kwa kukosea isizidi pointi 5 juu au chini, mara 95 katika 100. Ukiwa na kanisa la watu 600 linakupa 234. Lakini yote hayo yana sharti moja: kila mtu awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, kwa kura. Sharti likivunjika, wingi haukuokoi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kura za maoni takriban milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba katika uchaguzi wa urais mgombea Alf Landon atamshinda Rais Roosevelt. Majina yalitoka kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48, naye mtafiti wa maoni George Gallup alikuwa ametabiri ushindi wake kwa sampuli ndogo mno kuliko ile.

Fanya hivi. Nenda kwenye makanisa yanayotunza daftari la kipaimara, omba orodha ya waliopata kipaimara miaka kumi hivi iliyopita, chagua majina kwa kura, kisha uwatafute mmoja mmoja. Utachoka. Wengine wameolewa Voi, wengine wako Ghuba wanafanya kazi, wengine simu hazishiki. Andika kila usiyempata na sababu yake, maana hao nao ni matokeo. Na utakaowapata waulize kwanza wanasali wapi siku hizi. Aliyetoka kanisa la mama yake akahamia kanisa la hema kule Mikindani hajaacha kanisa, amehama, na ukimchanganya na asiyesali popote tasnifu yako itawaeleza watu wawili kana kwamba ni mmoja.

Ukipata watu 80 kwa njia hii, mimi nitazisoma kurasa zako kwa hamu kuliko za wale 400.

BARUA YA TATU

Shikamoo Mwalimu. Niko chuo cha theolojia. Nataka kujua ni waumini wangapi huenda kwa waganga kupigiwa ramli. Nikiuliza, wote wanasema hawajawahi, na sivyo mtaani kunavyosemwa. Halafu mchungaji wa kanisa ninalofanyia utafiti anasema ataruhusu mradi aone karatasi zilizojazwa. Nifanye nini?
Mtafiti, Changamwe

Marahaba. Ipo mbinu iliyoanzishwa na Stanley Warner mwaka 1965, na yenyewe ina sura kadhaa; nakupa iliyo rahisi. Kila mtu apewe sarafu mpya ya shilingi 10, yenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Airushe akiwa peke yake, asimwonyeshe mtu. Ikitokea simba, aandike "ndiyo" bila kujali swali. Ikitokea nembo, ajibu ukweli: je, katika miezi 12 iliyopita umekwenda kupigiwa ramli? Sasa hata ukiokota karatasi yenye "ndiyo" huwezi kumshika mtu, maana huenda ni simba aliyejibu.

Wewe hata hivyo unajua hesabu. Kwa watu 400, takriban 200 watapata simba. Ukikuta "ndiyo" 240, toa 200, zinabaki 40 kati ya watu 200 waliojibu kweli, yaani asilimia 20. Siri hiyo ina bei yake. Sarafu yenyewe hubahatisha, kwa hivyo jibu lako linaweza kuwa popote kati ya asilimia 10 na 30 hivi, wakati ukiuliza moja kwa moja na watu wakasema kweli ungepata kati ya 16 na 24. Kwa hiyo usijaribu kwa watu 50. Na swali liweke wazi: kunywa dawa ya mwarobaini aliyochemsha bibi si ramli, usiwachanganye. Fanya mazoezi kwanza na kikundi kidogo kwa swali lisilouma, waione sarafu inavyofanya kazi, maana mtu asiyeelewa simba anamlindaje ataandika "hapana" kwa vyovyote.

Kuhusu mchungaji, jibu ni hapana. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na unayoyauliza yanaweza kumtenga mama wa watu na meza ya Bwana. Mweleze kwa adabu kwamba atapewa matokeo ya jumla, kabla ya mtu mwingine yeyote akipenda, na kwamba ana haki ya kukataa utafiti usifanyike kwake. Karatasi zenyewe hazioni, wala wazee wake hawazioni. Mkikubaliana, yaandikeni na mtie sahihi kabla karatasi ya kwanza haijagawiwa, nakala uiambatishe kwenye maombi yako ya kibali cha utafiti. Akikataa, mshukuru, ukatafute kanisa jingine.